Mashahidi wa Jiwe

Kati ya Tveiten, kwetu, na Haugum, kwao,
lilisimama jiwe la mpaka, limeinama kidogo kama jino la kizee,
na ubavuni mwake, udongoni, walifukiwa mashahidi:
vipande viwili vya jiwe moja, walilolipasua mababu
zama wakiazimana bado chumvi.
Mkigombana, walisema, fukueni.
Vipande vikikutana pasibaki upenyo wa unywele,
mpaka ndio huo. Rudini mkale.

Mimi Gyro, binti Sveinung, nilikuwa na miaka sita.
Nyuma ya ghala nilikuwa na shamba langu:
ng'ombe kumi na mmoja, wote koni za msonobari,
kondoo wa vifundo vya mifupa,
kibarua mmoja wa kijiti, mvivu.
Kilichokosekana ni lango la zizi.
Nikachimba kwa kijiko cha mti mahali penye udongo laini,
nikawakuta wawili, wamelala kama mapacha.
Nikawabeba kwenye aproni. Hakuna aliyeniuliza.

Majira ya baridi yakaja, yakaiinua ardhi kama yafanyavyo.
Theluji ilipoyeyuka, jiwe lilikuwa limelala kifudifudi.
Gunnulv wa Haugum akalisimamisha peke yake, alfajiri, hatujaamka.
Baba akapima kwa hatua. Akapima tena.
Upana wa mifyeko mitatu:
nyasi za kumfikisha mbuzi mmoja Krismasi,
akiwa mbuzi mwenye subira.

Wakafukua, wanaume saba na kasisi.
Shimo likafika kiunoni. Hapakuwa na kitu.
"Umewaiba," akasema Baba.
"Umewaiba wewe," akasema Gunnulv.
Wote wawili walikuwa na uso wa mtu aliyeibiwa.
Nami nyuma ya sketi ya Mama nilihesabu vifungo, vilikuwa tisa.

Tangu hapo Mama alipofunga mkoba wa kwenda arusini
aliweka jibini, mkate mkavu, siagi,
na chini kabisa sanda, imekunjwa mara nne.
Hakuishona kwa ajili ya mtu fulani.
Ilikuwa na urefu wa yeyote.

Wa kwanza hakuwa wetu. Bjug wa Haugum, miaka kumi na tisa,
kwa kisu cha kaka yangu Ånund,
kati ya ngoma ya pili na ya tatu.
Mpiga fidla aliendelea kidogo; hakuwa ameona.
Mama akaitoa sanda mkobani,
akampa Targjerd, mama yake Bjug.
Targjerd akaipokea. Ilimtosha mwanawe.

Baba walimkuta kwenye kinu cha maji, mwezi Novemba,
unga wa shayiri umeganda mashavuni.
Ånund na Leidulv, mdogo wake Bjug,
ziwa liliwarudisha pamoja mwezi wa Mei,
wameshikana hivi kwamba kasisi hakujua
kama walikuwa wakiuana au wakiokoana.
Akawaandika ukurasa mmoja.

Wakabaki wanawake. Kila upande ulifyeka hadi karibu,
na ule ukanda wa mifyeko mitatu ukaachwa uote utakavyo.

Usiku mmoja moto wao ulizimika, Targjerd akaja kuomba kaa.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alikuwa amelala,
au amefumba macho.
Nilimchagulia kaa kubwa. Akasimama mlangoni
kama anayengoja neno, au anapasha tu mikono.
Kinywa changu kilikuwa kimejaa mawe mawili.
Akaenda. Niliona kile chekundu kikipanda mlima,
kikikwepa ukanda, kikizunguka mbali.

Sasa nina umri wa Baba mara mbili.
Ukandani imeota mibetula, mirefu kuliko ghala,
na mbuzi wa watu nisiowajua hula magome yake.
Mashahidi wako sandukuni, chini ya sufu.
Nikikosa usingizi nawatoa, nawakutanisha gizani,
kwa vidole.

Hawajasahau. Hapapiti hata unywele.